Diwani si mtumishi, na kampuni ya bima inalijua hilo

Hati nyingi za bima ya magari ya halmashauri zina kifungu kifupi cha nani aruhusiwe kuendesha. Mara nyingi husema hivi: mtumishi yeyote wa mwenye bima, mwenye leseni halali, akiwa katika shughuli za mwenye bima. Kwa dereva aliyeajiriwa, maneno hayo yanatosha. Kwa meya, mwenyekiti wa halmashauri au diwani, hayatoshi. Hao hawakuajiriwa, walichaguliwa. Posho wanayolipwa haiwageuzi kuwa watumishi. Siku dereva anapougua na meya akashika usukani mwenyewe, gari likigonga, kampuni ya bima itauliza huyu ni mtumishi wa nani, na itakuwa na haki ya kuuliza.

Dawa yake ni nyongeza ya hati inayotaja "wajumbe wa kuchaguliwa wa halmashauri" miongoni mwa madereva wanaoruhusiwa. Waandikwe kwa vyeo, si kwa majina, maana majina hubadilika kila uchaguzi. Iombwe kwa maandishi kabla ya bima kuhuishwa, na nyongeza yenyewe, ikiwa imesainiwa na kampuni, ikae kwenye faili la gari. Neno la wakala kwenye simu kwamba "hilo limo" halina uzito siku ya dai.

Ziko nchi ambako halmashauri imesamehewa bima ya lazima. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 144 cha sheria ya barabara ya 1988 kinaziondolea halmashauri sharti hilo kwa magari yao, mradi gari linaendeshwa likiwa chini ya udhibiti wa mwenye gari. Msamaha wa namna hii huwapumbaza wengi. Kusamehewa bima si kusamehewa deni: aliyegongwa bado anadai, na asipolipwa na bima atalipwa kutoka fedha za barabara na zahanati. Tena sharti la udhibiti ni zito. Gari lililochukuliwa na kiongozi Jumamosi kwenda harusini liko chini ya udhibiti wa nani? Swali hilo lijibiwe kwenye kanuni za halmashauri mapema, lisiachwe lijibiwe mahakamani.

Kujibebea hasara wenyewe kunawezekana, lakini naona busara yake ina mpaka. Taa iliyovunjika na bodi iliyobonyea zinaweza kulipwa na mfuko wa ndani. Mtu aliyepooza akiwa na miaka 20 na anayehitaji matunzo maisha yake yote ni jambo jingine, na halmashauri ndogo haina mfuko wa kumbeba. Hasara ndogo zibaki ndani, kubwa zinunuliwe bima. Hata Afrika Kusini, ambako mfuko wa ajali za barabarani unaotokana na tozo ya mafuta huwafidia walioumia, mfuko huo haulipii gari wala ukuta uliobomolewa.

Penye mtego mkubwa zaidi ni gari la diwani mwenyewe. Anakwenda kukagua kisima kwa gari lake, halmashauri inamlipa posho ya kilomita, na bima yake ni ya matumizi binafsi. Safari ya kazi inaweza kuwa nje kabisa ya hati hiyo. Kwa hiyo kanuni ya posho itamke wazi kwamba kiwango kwa kilomita kinajumuisha gharama ya bima ya matumizi ya kazi, na fomu ya madai isipokelewe bila nakala ya cheti kinachoonyesha matumizi hayo na tarehe ya kuisha. Mhasibu aangalie tarehe, si rangi ya stika.

Wengine hudhani njia ya mkato ni halmashauri kulikatia bima gari hilo kwa jina la halmashauri yenyewe. Halmashauri si mwenye gari, haipotezi kitu gari likiungua, na asiyepoteza kitu hana msingi wa kudai. Ikiwa imemkopesha diwani fedha za kulinunua, maslahi yake yanaishia kwenye salio la mkopo, na itajwe kwenye hati kama mkopeshaji. Inachoweza kununua ni bima ya kujikinga yenyewe pale inaposhtakiwa kwa ajali ya gari lisilo lake. Hiyo hailipi hata kioo kimoja cha gari la diwani, na aambiwe hivyo kabla hajasafiri.

Kwa magari ya halmashauri yenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lenyewe, kosa la kila mwaka ni thamani. Idara ya fedha huchukua thamani ya kwenye vitabu, iliyokwisha kushushwa kwa uchakavu, wakati sokoni gari bado lina bei. Hati ikiwa na kanuni ya uwiano, gari lililokatiwa bima kwa asilimia 70 ya thamani yake hulipwa asilimia 70 ya uharibifu, kisha kinatolewa kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila dai. Thamani ya soko ipimwe upya kila bima inapohuishwa.

Kitabu cha safari ndicho ushahidi wa kwanza mkadiria hasara anaouomba. Mstari unaosema "shughuli za ofisi" haumsaidii mtu. Unaosaidia una jina la aliyeendesha, saa ya kutoka, kilomita za mwanzo, mahali, kazi yenyewe na saini ya aliyeruhusu, na umeandikwa kabla gari halijatoka getini.

Baada ya ajali, hatari ya pekee kwa kiongozi wa kuchaguliwa ni mdomo. Amezungukwa na wapiga kura wake, anataka kuwatuliza, anatamka "tutawalipa". Hati nyingi zinakataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na ahadi hiyo inaweza kuharibu dai zima. Awahishe majeruhi hospitali, awaite polisi, apige picha, aitaarifu ofisi siku hiyo hiyo. Fundi asiguse gari mpaka mkadiria aje.

Muhula ukiisha, ruhusa ya kuendesha inaisha pamoja na cheo, hata kama funguo bado ziko mfukoni. Tarehe ya kurudisha gari iwekwe kabla ya siku ya kupiga kura, na kilomita, tairi ya akiba na jeki zihesabiwe mbele ya pande zote mbili. Gari litakaloegeshwa kumsubiri kiongozi mpya libaki na bima ya moto na wizi.