Simu mpya, rezo (mtandao) haiko: nilivyohangaika Nguba mpaka nikapata dawa

Usiku ule waliponigongea mlango, mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu na bati bado lilikuwa linadondosha maji. "Mama Mkunga! Mama Mkunga, amka!" Nikatoka na kitenge begani. Alikuwa kijana wa jirani zetu wa chini, upande wa kuteremka mto Ruzizi, hapa Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, matope mpaka magotini. "Mama, tumekupigia mpaka tumechoka. Simu yako haipite."

Dada yake alikuwa na uchungu tangu saa nne. Nikachukua begi langu, tukateremka, na kabla ya jua kutoka mtoto akazaliwa salama, wa kike, akilia kwa nguvu. Niliporudi nyumbani nikaweka maji ya chai motoni na kuitazama simu. Chaji asilimia 80. Haikuzimwa, haikuwekwa kimya. Na haikuonyesha hata simu moja niliyokosa. Kwa simu ile, usiku ule hakuna mtu aliyenitafuta.

Iliniuma sana. Miaka yote watu wa mtaa huu wamezoea kwamba ukinipigia usiku, ninapokea. Simu yangu ya zamani, ile ndogo ya vitufe, ilikuwa inalala chini ya mto na inalia hata ndani ya chumba changu cha nyuma, kilichoegemea kilima. Sasa nilikuwa na simu kubwa, nzuri, yenye kioo kinachong'aa, aliyoninunulia mdogo wangu anayeishi Marekani na kuituma kwa mikono ya msafiri. Nilikuwa nayo wiki ya tatu. Ilipiga picha safi, WhatsApp ilifunguka vizuri nikiwa mjini. Ila nikifika nyumbani, kazi yake ya kwanza, ile ya kuita na kuitwa, ilikuwa inaishinda.

Hata kabla ya usiku ule nilikuwa nimeshafanya yale ambayo kila mtu hunishauri. Nikaizima na kuiwasha. Nikavua kava, maana lilikuwa na kisahani cha chuma mgongoni cha kushikia sumaku. Kuvua kulisaidia kidogo tu. Mtoto wa dada yangu akapakua programu inayodai "kuongeza rezo". Hizo zisikupotezee mega zako za intaneti: simu haiwezi kuongezewa sikio na programu, inachofanya ni kukata mtandao na kuuwasha tena, jambo ambalo hali ya ndege inakufanyia bure. Mwingine akaniambia ninunue mashine ya kukuza mawimbi. Niliikataa. Mashine zile zisipofungwa na mtu anayezijua huvuruga mnara wenyewe, na majirani wote wakakosa rezo pamoja nawe.

Kisha nikaenda kubadilisha kadi ya SIM. Yangu ilikuwa ya zamani mno, nilikuwa nimeikata kwa mkasi ili iingie kwenye simu mpya, na kadi za enzi hizo haziingii 4G. Nikabeba kadi yangu ya mpiga kura, nikapanga mstari, nikapewa mpya yenye namba ileile. Nilitoka na furaha. Juu ya kioo ikaandikwa 4G. Nyumbani hali ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo, na usiku wa yule kijana ulikuja siku nne baada ya kadi hiyo mpya. Wakati huo sikuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Kuna jambo jingine lililonichanganya. Mara kwa mara nilipokea ujumbe wa kunikaribisha Rwanda, nami nimekaa kwenye kigoda changu Nguba nikichambua sombe, majani ya muhogo. Anayeijua Bukavu ataelewa. Mji wetu umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani kama vidole, na mnara wa mtandao wako unaweza kuwa karibu kabisa, lakini mgongo wa kilima umesimama katikati. Ng'ambo ya Ruzizi, ambako ni Rwanda, hakuna cha kuzuia: unayaona mabati ya upande wa pili yakimeta. Basi simu ikipoteza mnara wa nyumbani, inaushika wa jirani. Na ikishaushika wa nchi nyingine huweza kung'ang'ania hapo muda mrefu, hata wa nyumbani ukirudi. Uniti zangu zilikuwa zinapungua kwa simu nilizopokea tu.

Nikaamua kuacha kubahatisha. Katika kazi yangu kuna kile kipembe cha mbao tunachosikilizia moyo wa mtoto tumboni. Mwanafunzi akianza hukiweka popote, hasikii kitu, anashtuka. Sisi tunamfundisha: kwanza tafuta mgongo wa mtoto kwa mikono, halafu weka kipembe hapo, sogeza upana wa kidole, sikiliza, sogeza tena. Moyo upo, ni wewe hujafika mahali pake. Nikajiambia hata rezo itafutwe hivyo.

Vile vijiti vinavyopanda na kushuka juu ya kioo havitoshi. Kila mtengenezaji huvihesabu kwa namna yake, kwa hiyo vijiti vitatu vya simu hii vinaweza kuwa kimoja cha ile. Namba yenyewe imefichwa ndani: kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu", kisha hali ya kadi ya SIM, utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, na mbele yake kuna alama ya hasi. Kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Hasi 85 ni nzuri, hasi 115 ni taabu. Na hatua zake si ndogo kama zinavyoonekana: tofauti ya 10 ni mawimbi yenye nguvu mara kumi.

Nikachukua daftari. Jumapili moja baada ya misa nilizunguka nyumba nzima, nikisimama kila mahali dakika mbili kwa sababu namba huchelewa kutulia. Chini ya mto wangu: hasi 118, na hapo ndipo ilipokuwa inatoweka. Sebuleni: hasi 112. Jikoni, kwenye kibanda cha bati tupu: hasi 119, maana bati hurudisha mawimbi yalikotoka. Kwenye dirisha la chumba cha watoto linalotazama mjini: hasi 101. Uani, juu ya lile jiwe ambalo wapangaji wote hupandia wakitaka kupiga simu: hasi 96. Kati ya mto wangu na dirisha la watoto ni hatua tisa, na tofauti ya 17 ni kama mara hamsini. Nililisoma daftari lile mara mbili. Nilikuwa nalala mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, ukiondoa jikoni.

Lakini swali lilibaki: mbona simu ya vitufe ilikuwa inalia palepale chini ya mto?

Nikampelekea fundi mmoja wa simu karibu na Feu Rouge. Ni kijana mtulivu, na nilimpenda kwa sababu hakukimbilia bisibisi. Aliniuliza simu imetoka wapi, akageuza mgongo wake akasoma namba ya modeli, akaitafuta kwenye simu yake. "Mama, hii ni ya Amerika," akasema. "Haijaharibika. Wameitengenezea minara ya kule."

Akanichorea kwenye karatasi ya bahasha. Minara haizungumzi kwa wimbi moja. Kwetu Afrika, kama Ulaya, 2G ilijengwa kwenye megahazi 900 na 1800. Amerika ilijengwa kwenye 850 na 1900. Kwa 2G simu nyingi husikia zote nne. Shida iko kwenye 3G na 4G. Wimbi la chini, kama 800 au 900, hupenya ukuta na kuinama nyuma ya kilima vizuri zaidi; la juu, kama 1800 au 2100, hubeba intaneti nyingi lakini ukuta wa matofali na bati vinalichosha upesi. Kwenye orodha ya simu yangu 4G ya 1800 ilikuwemo, 3G ya 2100 ilikuwemo. 4G ya 800, ambayo huitwa bendi ya 20, haikuwemo, wala 3G ya 900, bendi ya 8. Yaani yale mawimbi yanayoingia vyumbani ndiyo iliyonyimwa.

"Na kadi mpya?" nikauliza. Hapo ndipo nilipoelewa usiku wa yule kijana. Simu yangu haipitishi sauti kwenye 4G ya huku. Mtu akinipigia, mnara lazima kwanza uiite simu kwenye 4G uiambie ishuke 3G au 2G, ndipo ilie. Chini ya mto, 4G ilikuwa inasikika kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Simu iliing'ang'ania, mnara ukaita, simu haikusikia, na aliyepiga akaambiwa sipatikani. Kadi ya zamani isiyoijua 4G ilikuwa, bila mimi kujua, inanilinda. Na simu ndogo ya vitufe ilijua 2G tu, kwa hiyo ilikaa kwenye 900 yake, ikalia.

Dawa yenyewe haikunigharimu kitu kikubwa. Fundi aliandika *#*#4636#*#* kama anayepiga simu, ukafunguka ukurasa wa siri wenye aina za mtandao. Si kila simu inaifungua. Nyingine zina chaguo hilohilo kwenye mipangilio ya mtandao. Akanionyesha pa kuchagua 2G pekee. Nikajaribu nyumbani jioni ileile. Namba ya 2G haipimwi sawa na ya 4G, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja. Kipimo cha kweli ni kupigiwa. Nikaweka simu chini ya mto, nikamwomba jirani yangu, Mama Neema, anipigie mara kumi akiwa nyumbani kwake. Ililia mara tisa. Kabla ya hapo, kwenye 4G, ilikuwa imelia mara mbili.

Tisa kwa kumi haimtoshi mkunga. Nikapigilia kirafu kidogo cha ubao kwenye dirisha la chumba cha watoto, kimo cha kichwa changu, nikavuta waya wa chaja mpaka pale. Mlio nimeuweka wa juu kabisa. Watoto walilalamika wiki ya kwanza, sasa wamezoea. Kwenye kirafu hicho, mara kumi kwa kumi.

Kuhusu Rwanda, niliondoa kuchagua mtandao kiotomatiki. Simu hutafuta dakika moja au mbili, kisha inakuletea orodha ya mitandao yote inayoisikia. Ikikuandikia namba badala ya majina, zinazoanza na 630 ni za Kongo, na 635 ni za Rwanda. Nikachagua wangu, nikafunga. Ubaya wake ni kwamba mtandao wako ukianguka kabisa, simu haitahangaika kutafuta mwingine, na ukivuka mpaka kwenda Kamembe lazima ukumbuke kuirudisha. Mimi nimelikubali hilo. Afadhali nione "hakuna huduma" nikajua, kuliko kudhani ninapatikana.

Basi ratiba yangu ni hii: mchana nikiwa mjini, 4G, napokea picha na ujumbe wa wenzangu wa kituo. Jioni nikivuka mlango wangu, kabla hata ya kuvua viatu, 2G na kirafuni. Mtandao wa WhatsApp usiku sina, na nimewaambia wote: usiku piga simu ya kawaida, usiniandikie. Hata chaji imefaidika, kwa sababu simu inayosikia kwa taabu hutumia nguvu nyingi kujibu. Zamani ilikuwa inapata joto mfukoni bila kazi yoyote.

Ile ndogo ya vitufe nimeinunulia betri mpya na kuitia laini ya mtandao mwingine. Namba hiyo wanayo wajawazito walio kwenye mwezi wa tisa, nimewaandikia nyuma ya kadi zao za kliniki. Umeme ukikatika kwa muda mrefu mara nyingi mtandao mmoja hudhoofika kabla ya mwingine, na sitaki tena mtoto wa watu akimbie kwenye matope usiku kwa sababu mimi nimelalia kioo kizuri.

Mdogo wangu nilimwogopa kidogo kumweleza, nisionekane ninakataa zawadi. Nikampigia Jumamosi. Alinyamaza, kisha akasema, "Yaya (dada), ningejua ningeuliza." Mwezi ujao anataka kumtumia simu shangazi yetu wa Bagira, ambaye nyumba yake iko bondeni kuliko yangu. Nimemwandikia namba kwenye ujumbe aende nazo dukani: 3G iwe na bendi ya 1 na ya 8, 4G iwe na ya 3 na ya 20, laini mbili, na iwe haijafungiwa mtandao wa kule. Amenijibu kwamba amezikuta zote kwenye simu ya bei nusu ya yangu.