Nilivyoandika wasifu wa Florence Price kutoka kwenye makaratasi yake

Niliombwa ukurasa mmoja tu kuhusu Florence Price, mtunzi wa muziki wa Marekani, wa kuwagawia wasikilizaji kabla ya wanafunzi wa piano kupiga vipande vyake vichache. Makala nyingi nilizosoma zilikuwa zimenakiliana. Zote zinasema alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza ambaye simfonia yake, yaani kazi ndefu ya kupigwa na okestra nzima, ilipigwa na okestra kubwa ya Marekani, ile ya Chicago, chini ya kondakta Frederick Stock, tarehe 15 Juni 1933. Alifariki 1953, akasahaulika, na mwaka 2009 makaratasi yake yakakutwa kwenye nyumba iliyotelekezwa. Ni kweli yote. Ila mtu mwenyewe humwoni humo, na aliyekosekana kabisa ni Price mwalimu.

Nikaachana na makala, nikafungua orodha ya nyaraka zake. Zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Arkansas, mjini Fayetteville, na orodha yenyewe inasomeka mtandaoni bila malipo. Wengi huiruka kwa sababu inachosha: majina ya barua, programu za maonyesho, picha, miswada ya muziki, kila kimoja na namba yake. Mimi nilianzia kwenye maelezo ya namna nyaraka zilivyofika pale. Kumbe zilifika kwa mafungu mawili. La kwanza lilitolewa na binti yake miaka ya 1970, yaani ni vitu ambavyo familia ilivitunza kwa makusudi. La pili lilitoka kwenye ile nyumba iliyotelekezwa, iliyoko St. Anne, Illinois, alikokuwa akienda kupumzika majira ya joto. Mti ulikuwa umeangukia paa, na karatasi zikapona kwa kuwa zilikuwa upande ambao haukulowa. Humo ndimo zilimokutwa konserto mbili za fidla, yaani kazi za fidla moja ikiongoza okestra, na Simfonia ya Nne. Ukishajua hilo, huwezi tena kusema "nyaraka zake" kana kwamba alikaa akazipanga mwenyewe.

Kisha nikachora jedwali la safu tatu: tarehe, karatasi inasema nini, na nani aliiandika kwa sababu gani. Safu ya tatu ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Chukua habari ya usajili wake kwenye chuo cha muziki cha New England, Boston. Ameandikishwa kama mtu wa Pueblo, Meksiko, wakati alizaliwa Little Rock, Arkansas. Mama yake ndiye aliyetaka iwe hivyo, ili binti asibaguliwe kwa rangi yake. Karatasi ni halisi, maneno yaliyomo si ya kweli, na bado huo uongo unakueleza Marekani ya mwanzo wa karne ile kuliko ambavyo ukweli ungekueleza. Mwaka wa kuzaliwa nao hivyo hivyo: vitabu vya zamani viliandika 1888, watafiti wa sasa wanaandika 1887. Nilichukua 1887.

Mwalimu alianza kujitokeza nilipofika 1906. Alihitimu Boston akiwa na sifa mbili, ya upigaji wa ogani na ya kufundisha piano. Akarudi kufundisha Arkansas, halafu akaongoza idara ya muziki Chuo Kikuu cha Clark, Atlanta, hadi 1912. Familia ilihamia Chicago 1927, mauaji ya watu weusi yalipotikisa Little Rock. Huko alipiga ogani kwenye sinema zisizo na sauti, akatunga nyimbo za matangazo ya redio, na akaendelea kupokea wanafunzi. Kipande chake cha piano "At the Cotton Gin" kilichapishwa na G. Schirmer, kampuni ya kuchapisha muziki, mwaka 1928. Watu huvidharau vipande vya namna hii wakisema ni vya watoto. Mimi sividharau: ndivyo vilivyomlisha.

Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Margaret Bonds, ambaye jioni ile ya 1933 alipiga piano na okestra ile ile. Bonds alisimulia baadaye kwamba Price akibanwa na muda, kila mwanamuziki mweusi wa Chicago aliyejua kuandika noti alikuja kumsaidia kunakili. Tangu nisome hilo, kila nikiona mswada wenye miandiko miwili nasita kabla ya kusema ni ya nani.

Jambo moja linawapita wengi: barua ambazo mtu ameandika hazikai kwake, zinakaa kwa aliyeandikiwa. Barua ya 1943 kwa kondakta Serge Koussevitzky, ambamo Price anaanza kwa kusema ana vikwazo viwili, jinsia na rangi, sikuitafuta Arkansas. Nyaraka za Koussevitzky ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Kwa hiyo ukimfuatilia mtunzi yeyote, andika pembeni majina ya aliowaandikia, halafu tafuta nyaraka za hao.

Nakala za kurasa unaziomba kwa barua pepe. Taja namba ya sanduku, namba ya jalada, jina la kazi na unataka kuitumia kwa nini. Ombi la "nitumieni chochote kuhusu Price" linampa mkutubi kazi ya kukurudishia maswali. Na nakala ya kusomea si ruhusa ya kupiga hadharani. Tangu 2018 kazi zake zinasimamiwa na G. Schirmer, kwa hiyo noti za wanafunzi tulizipata kwa mchapishaji.

Ukurasa wangu unaanzia 1906. Simfonia iko aya ya pili, pamoja na ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo, alizoziandikia humo. Aliyeniagiza alitaka 1933 iwe juu kabisa. Nilimwambia watakaopiga usiku huo ni wanafunzi, na wanachopiga ni kazi ya mwalimu. Alikubali, ila picha aliichagua yeye.