Msukule wa karatasi

Asalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii usingizi umenipaa, na sababu ni mtoto wa kaka yangu.

Jumanne baada ya Alasiri niliwakuta vijana wanne barazani kwetu Wete, karatasi zimetandazwa mkekani, wanarusha dado lenye pande 20. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mmoja anajifanya mtu fulani. Mmoja anatibu majeruhi, mwenzake anainua mifupa ya wafu imtumikie. Nikawaambia huo ni msukule, na maiti aachwe apumzike, hata kwenye karatasi sipendi. Mtoto akaniuliza kwa adabu, "Ami, na huyu anayeponya, naye ana dhambi?"

Sikumjibu. Nilimkumbuka marehemu mama. Alipozidiwa, nilitoka usiku baada ya Isha, nikapita kwenye mikarafuu bila tochi nisionekane, nikaenda kwa mtu. Akataka kuku mweusi, akataka na jina la bibi yangu mzaa mama. Nikampa vyote. Alfajiri nikasimama safu ya mbele kama kawaida yangu. Mama alipojua, aligeukia ukutani, hakunisemesha mpaka Adhuhuri.

Katika kanuni za mchezo ule, kumfufua maiti kunataka almasi ya thamani ya sarafu 500 za dhahabu. Nami kuku wangu nilimchukulia vivyo hivyo: nitoe, nipewe.

Nabii Isa aliponya vipofu wa tangu kuzaliwa na wakoma, akafufua maiti, na Aal Imran aya ya 49 imetaja: kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Nabii Ibrahim naye alisema akiugua, Mola ndiye anayemponesha. Hapo hakuna bei, ndugu zangu. Hakuna kuku, hakuna jina la bibi. Wale vijana wakikunja karatasi zao, mifupa imekwisha. Sisi tunaotoka usiku hatuchezi. Nawasihi kwa mapenzi, mwenye mgonjwa ampeleke hospitali, amsomee Fatiha, aombe huku analia, lakini asitoke usiku ule. Na aliyekwisha kutoka asikae na siri hiyo kama nilivyokaa nayo mimi, miaka, nikiona haya hata kuinua mikono kuomba. Mlango wa toba haujafungwa. Rudi leo, kabla ya Magharibi.

Jana nilimwita mtoto, nikamsimulia habari ya yule kuku.