Siku moja maishani mwangu: Nilivyompeleka Mwalimu kwa Bi Agnes

Saa kumi na moja alfajiri

Kengele ya simu imenikuta niko macho. Nikiwa na mgeni wa kutoka nyumbani huwa silali vizuri. Mgeni wa kwetu ukimchelewesha, habari zafika Mombasa kabla hujamaliza kuomba radhi.

Mimi ni dereva na mwongoza wageni hapa Washington. Wateja wangu wengi ni wazee waliokuja kuona wana na wajukuu: wanapiga picha mbele ya Ikulu na sanamu ya Lincoln, tunapitia dukani, nawarudisha. Leo ni tofauti. Binti mmoja anayeishi Laurel alinipigia wiki iliyopita kuhusu mamake, mwalimu wa hesabu mstaafu. Bibi kasema Ikulu kaiona kwenye runinga inatosha. Anataka kaburi la mwanamke aliyekuwa akifumbua siri za jeshi la majini la Japani.

Nimemjua mara moja ni nani. Ni Agnes Meyer Driscoll. Katika miaka yangu yote ya kazi hii hakuna mgeni aliyewahi kuniulizia habari zake.

Nimeswali, nimejaza chupa ya chai ya tangawizi, nimepasha mahamri ya jana.

Saa moja kasoro robo

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa dakika mbili."

Amevaa koti la mwanawe linalomfika magotini, mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili daftari la mistari. Nimemwambia akae nyuma apate nafasi ya miguu, amekataa. Amekaa mbele, kama anayesimamia mtihani.

Foleni ya kuingia mjini ni ile ile ya kila siku, kwa hiyo tumepata muda wa kuzungumza. Akaniuliza kama najua Agnes alikuwa mwalimu. Najua. Alizaliwa Illinois mwaka 1889, akasoma Chuo Kikuu cha Ohio State hesabu na fizikia, pamoja na lugha za kigeni na muziki, akamaliza 1911. Kisha akaenda Amarillo, Texas, akafundisha muziki katika shule ya kijeshi, baadaye akasimamia somo la hesabu katika shule ya sekondari. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto na jeshi la majini la Marekani likafungua mlango kwa wanawake, akajiandikisha Juni 1918, akiwa na miaka 28.

"Kwa hiyo alifundisha miaka kama saba," Mwalimu akasema. "Mimi thelathini na tatu. Hakuna aliyenijia na meli."

Saa mbili na dakika kumi asubuhi

Makaburi ya Arlington yamefunguliwa punde tu. Magari ya watu binafsi huachwa nje, mikoba inakaguliwa, kisha ni miguu au basi la wageni. Tumechukua basi kwa ajili ya goti la Mwalimu, tukashuka tukamalizia kwa kutembea polepole, mimi na ramani ya simu, yeye na mkongojo wake.

Kaburi lake liko kati ya maelfu, pamoja na la mumewe Michael Driscoll, wakili wa Washington aliyemuoa mwaka 1924. Hakuna kibao cha kukuonyesha njia, hakuna kundi la watoto wa shule. Mwalimu amesimama kimya, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, nami sikumuuliza kama inafaa au haifai. Kisha akasema lile neno ambalo nilijua litakuja: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua."

Tulipokuwa tunarudi nikamwomba apite kwa kaburi jingine, la William na Elizebeth Friedman. Huyu William ndiye jina linalotajwa kila unaposikia habari za wafumbuaji wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Mashine ya kidiplomasia ya Wajapani iliyoitwa Purple ilivunjwa na kikosi chake Septemba 1940. Mkewe naye alikuwa mfumbuaji hodari kuliko wengi waliosifiwa. Kwenye jiwe lao kumechongwa maneno KNOWLEDGE IS POWER, yaani maarifa ni nguvu, na wageni hupita.

"Tazama herufi, Mwalimu. Zitazame umbo."

Ameinama karibu aguse jiwe. Baadhi ya herufi zina vijimkia kwenye ncha, nyingine hazina. Nikamwambia azigawe tano tano. Akatoa penseli, akaandika KNOWL, EDGEI, SPOWE, ikabaki R peke yake. Kila tano ni herufi moja kwa njia ya zamani ya Francis Bacon, inayotumia maumbo mawili tu kuandika alfabeti nzima. Zinatoka W, F na F: William Frederick Friedman. Mjane wake ndiye aliyeitunga siri hiyo baada ya mumewe kufa mwaka 1969, na jiwe likakaa pale hadi 2017 ndipo Elonka Dunin akaigundua.

Mwalimu amecheka mpaka mlinzi akageuka. "Huyu mama aliandika jina la mumewe mara mbili, na la pili akalificha!"

Saa tano kasorobo

Constitution Avenue. Nimepata maegesho kwa bahati, nimelipa kwa simu, tumeshuka.

Mgeni wa kawaida hapa anaona bustani na bwawa lenye bata. Mimi huwaonyesha jengo ambalo halipo. Mwaka 1918 jeshi la majini lilijenga hapa majengo marefu ya muda, ya kukidhi haja ya vita tu. Yakabomolewa 1970. Sisi tunaojua vya muda vinavyodumu huwa hatushangai.

Humo ndani Agnes alitumia miaka yake bora. Waliofanya kazi naye walisimulia kwamba alikuwa akifungua kurasa kwa ile ncha ya raba ya penseli, ukurasa baada ya ukurasa, siku nzima, bila maneno. Mwalimu akageuza penseli yake na kujaribu kwenye daftari. Inawezekana. Raba inashika karatasi vizuri kuliko kidole kikavu.

Alianza kujulikana mwaka 1921, pale mvumbuzi Edward Hebern alipotangaza ujumbe wa siri akisema hauvunjiki, naye akauvunja. Hebern akamchukua akamsaidie kutengeneza mashine za kuficha ujumbe, California. Biashara haikwenda, na mwaka 1924 Agnes alikuwa amerudi Washington kwenye meza yake.

Kwenye meza hiyo kulikuwa na kitabu cha siri cha jeshi la majini la Japani, kilichopigwa picha kwa wizi katika ofisi ya ubalozi mdogo wa Japani mjini New York. Wamarekani walikiita Kitabu Chekundu kwa sababu ya jalada walilokitia. Watu hudhani ukishaiba kitabu kazi imekwisha. Wajapani walikuwa wanayavuruga tena maneno ya kitabu kabla ya kuyarusha hewani, na huo uvurugaji haukuwamo kitabuni. Ndio uliomchukua Agnes miaka. Na Kitabu cha Buluu kilichofuata mwanzoni mwa miaka ya 1930 hakikuibwa na mtu. Aliona kwanza kwamba mpangilio wenyewe umechezewa, akaurudisha mahali pake, ndipo maana za maneno ya siri ya kitabu zikaanza kujengwa upya, moja moja.

"Kama kinyume," Mwalimu akasema. Utotoni walikuwa wakisema kinyume ili watu wazima wasielewe: nyumba inakuwa mbanyu, nyama inakuwa manya. Nikamwambia kinyume chenyewe hasa, ila uwe hujui Kiswahili pia.

Saa sita na nusu

Chakula cha mchana kwenye benchi la bustani. Mwalimu ameleta katlesi kwenye kibakuli. Hapa ndipo siku iliponoga, na nikasahau saa.

Alitaka kujua ule msimbo mkubwa wa jeshi la majini la Japani, JN-25, ulioanza kutumika Juni 1939, Agnes aliuvamia vipi. Nikageuza risiti ya petroli. Kila neno lilikuwa na kundi la tarakimu tano kitabuni. Tuseme "meli" ni 45621. Mwandishi wa ujumbe anafungua kitabu cha pili, kimejaa tarakimu za ovyo tu, anachukua kundi lifuatalo, tuseme 70834, anajumlisha bila kubeba.

"Bila kubeba?"

"Nne na saba kumi na moja, andika moja, usibebe."

Akaandika mwenyewe haraka kuliko mimi: 15455. Hilo ndilo linalorushwa hewani. Kesho "meli" inapata nyongeza nyingine na kuwa tarakimu nyingine kabisa.

Nikamwacha. Huwa siwamalizii wageni. Alikaa na katlesi mkononi kama dakika tatu, kisha akasema: "Ukipata jumbe mbili zilizotumia nyongeza ile ile, toa moja kwa nyingine. Nyongeza inajifuta."

Ndivyo. Inabaki tofauti kati ya maneno mawili halisi. Na Wajapani walitia kitu kingine: kila kundi la kitabuni liligawanyika kwa tatu, ili karani agundue kosa la kunakili. Mwalimu akajumlisha tarakimu za 45621, akapata kumi na nane, akapiga paja. "Basi wamewapa majibu! Ukikisia nyongeza, ukaiondoa, makundi yakikataa kugawanyika kwa tatu, umekosea. Huhitaji hata kujua Kijapani!"

Agnes na kikundi chake kidogo ndio walioubaini mtindo huo upande wa Marekani na kuanza kurudisha nyongeza. Kisha mwaka 1940 akahamishiwa kazi ya Wajerumani, na msimbo wakabaki nao wengine. Ushindi wa Marekani dhidi ya Japani katika vita vya baharini vya Midway, Juni 1942, ulitokana kwa sehemu kubwa na kusomwa kwa JN-25 huko Hawaii, chini ya Joseph Rochefort. Rochefort alifundishwa na nani? Na Agnes. Thomas Dyer aliyekuwa naye pale? Agnes. Vitabu vya vita vinataja makamanda na meli.

Tuliporudi garini tukakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Muda ulipita kwa dakika sita. Mwalimu kataka kulipa, nimekataa, amelipa kwa katlesi zilizobaki.

Saa nane na nusu

Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Misimbo, karibu na Fort Meade. Kuingia ni bure. Jengo hili zamani lilikuwa hoteli ya kando ya barabara, jirani mno na shirika la ujasusi la NSA, mpaka NSA wakaona afadhali walinunue. Mwaka 1993 likawa makumbusho.

Kuna mashine za Enigma, zile za Wajerumani za kuficha ujumbe, ambazo mgeni anaruhusiwa kubonyeza. Mwalimu amebonyeza A mara nyingi, akaandika kila taa iliyowaka, akitafuta mwendo.

Hapa nilimwambia sehemu ambayo waongozaji wengine huiruka. Enigma ilimshinda Agnes. Waingereza walikuwa na mashine za kuisaka, na Agosti 1941 mkuu wao Alastair Denniston alifika Washington wakazungumza. Agnes akashikilia njia yake ya kupanga orodha kwa mkono. Haikufika popote, na miezi ikaenda. Zaidi ya hapo, Oktoba 1937 alikuwa amepata ajali mbaya ya gari, akavunjika taya na mguu. Alirudi kazini baada ya muda mrefu akitembea kwa fimbo, na wapo wenzake waliosema hakuwa tena yule yule.

Mwalimu alitazama mkongojo wake. "Na aliendelea?"

Aliendelea hadi 1959, akiwa na miaka 70. Kutoka jeshi la majini hadi NSA yenyewe. Akafa 1971 bila kuandika kumbukumbu zake. NSA ilimwingiza kwenye orodha yake ya heshima mwaka 2000. Mimi binafsi hilo la Enigma halinipunguzii kitu. Aliyeshindwa na Enigma ndiye aliyekuwa ameivunja M-1, mashine ya maafisa wa jeshi la majini la Japani balozini, mwaka 1935, kwa penseli.

Kabla ya kutoka nikamtolea akiba yangu. "Mwalimu, unaijua Allidina Visram?"

"Shule? Ile inayotazama bahari? Nimepita pale umri wangu wote."

Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, Waingereza walihamishia wafumbuaji wao Kilindini, Mombasa, na shule hiyo ndiyo waliyopewa. Wakisikiliza mawimbi ya redio kutoka mbali, walikuwa wakihangaika na JN-25 ile ile ya Agnes, na Septemba mwaka huo wakauvunja JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani, baada ya Wajapani kufanya kosa la kurusha ujumbe mmoja mara mbili huku wa pili ukiwa na maelezo machache ya ziada. Mwaka 1943 wakarudi Colombo.

Mwalimu amekaa kwenye benchi la makumbusho. Nilidhani goti. "Wanafunzi wangu," akasema, "walikuwa wananiuliza hesabu za kujumlisha bila kubeba zina faida gani."

Saa kumi na moja jioni

Laurel. Binti yake amenilazimisha kuingia ndani, nimekula wali wa nazi, nimeulizwa ukoo wangu mpaka tukapata shangazi wa pamoja kupitia ndoa. Nimelipwa, nimeaga. Mwalimu amebaki na risiti yangu ya petroli.

Saa tatu usiku

Nimelipa faini mtandaoni. Nimeosha gari. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Mwalimu, hauna salamu:

45621 20316 71332

Nikajumlisha tarakimu. La kwanza kumi na nane. La pili kumi na mbili. La tatu kumi na sita. Nikarudia la tatu. Kumi na sita.

Nikamwandikia: "Mwalimu, kundi la tatu lina kosa."

Alama zikageuka buluu papo hapo. "Nilitaka kujua kama ulikuwa unaelewa ulichokuwa unanifundisha. Kesho uje saa moja kasoro robo. Usije kasoro dakika kumi na tatu."