Kuchagua jigi ya matundu ya mshazari

Kwa anayejitengenezea rafu na meza nyumbani, jigi ya kutobolea matundu ya mshazari, yaani kifaa kinachoongoza drili itoboe kwa kuinama ili mbao ziunganishwe kwa skrubu, hupunguza sana kazi ya kuchonga ndimi za kuunganishia mbao, ingawa si kila jigi inafaa. Mimi hutazama kwanza vibomba vinavyoongoza drili: viwe vya chuma kigumu, kwa kuwa biti, yaani ncha ya drili inayotoboa, ikishaanza kula vibomba vya plastiki, tundu hupoteza mwinamo wake wa digrii 15 hivi, na skrubu huweza kutokeza upande wa pili. Jigi irekebishike pia kulingana na unene wa ubao. Ule wa milimita 19 hutumia skrubu ya milimita 32. Klampu imara, yaani kibanio cha kushikilia mbao, naithamini kuliko wingi wa matundu, maana ubao ukiteleza kidogo wakati wa kukaza skrubu, kiungo hakilingani tena.