Akita au Shiba? Jinsi tulivyochagua mbwa wa familia huku Tsukuba

Kila niliyemwuliza alinijibu vilevile: "Akita ni Shiba mkubwa tu, wewe angalia ukubwa wa nyumba yako." Ushauri huu unanikera hadi leo. Ni kweli aina hizi mbili za mbwa wa Kijapani zinafanana: masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, manyoya mekundu yenye weupe kidevuni na tumboni. Lakini dume la Akita hufika sentimita 64 hadi 70 begani, wakati la Shiba huishia kwenye 41 hivi. Na mambo hayaishii kwenye kimo.

Tunaishi Tsukuba, mkoa wa Ibaraki, Japani, na mkoa huu una kanuni yake. Akita yumo kwenye orodha ya mbwa wanaotakiwa kufugwa ndani ya kizimba, pamoja na Tosa na Doberman, na mlangoni unabandika kibandiko cha kutahadharisha watu. Hakuna hata mmoja kati ya washauri wangu aliyelitaja hilo, nililisoma mwenyewe. Sisi tulitaka mbwa wa kulala sebuleni na watoto!

Mama watoto bado alikuwa na Akita wake moyoni kwa sababu ya Hachiko. Namwelewa kabisa. Mbwa aliyezaliwa Odate mwaka 1923, akamsubiri marehemu bwana wake stesheni ya Shibuya karibu miaka kumi, hadi naye akafa mwaka 1935, nani asimpende? Sikubishana naye. Nilikwenda kwa mkulima jirani nikanunua mchele usiokobolewa, ule unaouzwa kwenye mifuko ya karatasi ya kilo 30. Akita jike mzima hufika hapo, dume hupita. Nikauweka mfuko sebuleni nikamwambia, "Mama, mbwa anaumwa, mimi niko kazini. Mpakie kwenye gari umpeleke kwa daktari."

Aliukumbatia, akaunyanyua hadi magotini, ukamponyoka. Akauburuta mpaka mlangoni, na pale kwenye ngazi akakwama kabisa. Nikampa mfuko wa kilo 10, uzito wa Shiba dume. Aliukumbatia kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akafungua mlango wa gari. Ubishi ukaishia hapo, na mchele tukala kwa miezi.

Bei ya mtoto wa Shiba ni laki kadhaa za yeni, inategemea ukoo wake. Sheria ya Japani hairuhusu kuuza mtoto wa mbwa kabla ya siku 56, isipokuwa zile aina sita za mbwa wa asili wa Japani, Akita na Shiba wakiwamo, ambao mfugaji anaweza kukuuzia mwenyewe kuanzia siku 49. Usikubali kuharakishwa. Wetu nilimwomba mfugaji amwache na mama yake zaidi, maana ni kwa mama na ndugu zake anajifunza kutouma kwa nguvu.

Shiba naye ana yake. Hapendi kushikwashikwa, na ukimgusa kucha anapiga yowe utadhani anachinjwa. Duka moja la kuogesha mbwa lilitushauri tumbane watu wawili. Tulikataa. Ibaraki ni kwenye viazi vitamu vya kupika kwa mvuke na kukausha, ndugu kabisa wa matobolwa ya kwetu Shinyanga. Kila usiku baada ya chakula, kipande kimoja mdomoni, ukucha mmoja, basi, mwache aende zake. Sasa akisikia mkasi unatoka kwenye droo, anakuja kukaa mwenyewe.

Kama mkoa wako hauna kanuni hiyo, una uwanja, na mwenye kumshika kamba ana nguvu, mchukue Akita kwa moyo mweupe. Ila usimchanganye na mbwa mwingine wa jinsia yake, watapigana. Na umchukue yeyote kati yao, nunua brashi nzuri kabla hajafika: mara mbili kwa mwaka wananyonyoka manyoya hadi yanaingia kwenye uji.