ABS, PBT, POM: mie nnasikiliza vidole

Nishachoka kusikia "chukua PBT tu, ABS takataka". ABS, PBT na POM ni aina za plastiki za kutengenezea kepu za kibodi. Ukimuuliza mtu yeyote habari ya kepu za kibodi jawabu ndo hilo hilo, na wengi wanaolitoa hata POM hawajawahi kuishika mkononi. Mie nipo staishenari hapa Mlandege, Unguja, kazi yangu kuchapa kutwa, barua za watu, maombi ya kazi, risala za harusi, na ukifika msimu wa wanafunzi wa SUZA kukabidhi tasnifu zao ndo basi tena, mtu anakuletea kurasa mia zimeandikwa kwa mkono na anazitaka kesho asubuhi. Kwahivyo kuhusu kepu vidole vyangu vina haki ya kusema chochote.

Kepu ni kile kifuniko cha juu cha kitufe, pale unapogusa wewe. Kibodi nyingi za mekanikali, zile ambazo kila kitufe kina swichi yake chini, kepu zake zinachomoka ukaweka nyengine, maana swichi zimefuata ule mguu wa Cherry MX, swichi za kampuni ya Cherry, wenye umbo la alama ya kujumlisha, basi seti ya huku inakaa na kule. Hapo ndo ugonjwa unapoanzia.

Tuanze na ABS kwa sababu ndo iliyojaa madukani. Ukienda Darajani ukachukua kibodi yoyote ya bei ya kawaida, kepu zake karibu hakika ni ABS, plastiki ile ile ya matofali ya LEGO. Ikiwa mpya ni tamu wallahi, laini, haikwaruzi, kidole kinatua vizuri. Tabu inakuja baadae inapoanza kung'aa. Watu wanadhani ule mng'aro ni mafuta ya vidole, wanachukua kitambaa na sabuni wanasugua wee, inarudi vile vile. Mafuta yapo, ndio, lakini chini yake uso wa plastiki wenyewe ushasuguliwa na vidole mpaka umelainika, zile chenga ndogo sana zilizotoka kiwandani zimekwisha na hakuna sabuni ya kuzirudisha. Na huku kwetu ikifika kaskazi, joto lile na unyevu ule, umeme ukikatika feni ikasimama, kepu ya ABS iliyong'aa inanata kidoleni. Hupigi tena, unabandua.

Halafu angalia zinavyong'aa, hapa pana kitu watu hawakizungumzi. Picha za kibodi chakavu za wenzetu wanaochapa Kiingereza utaona E ndo imekwisha. Kibodi yangu ya kazini ya mwanzo iliyoondoka mapema ni A, imebaki kioo kitupu, na wala si ajabu, hili neno "tafadhali" peke yake lina A tatu na kila barua ninayochapa inalo. Baada ya A zikafuata I na U na N na K. Masikini A yenyewe inapigwa na kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, na ndicho kilichopewa kazi ya punda. Q na X utadhani zimetoka kiwandani jana.

Kibodi hiyo herufi zake zilikuwa za kupakwa rangi juu, ndo mana zikafutika zote, wateja wanaokaa kuchapa wenyewe wakawa wananiuliza "A iko wapi kaka?" Herufi za kupakwa hazidumu kwenye plastiki yoyote ile. Zinazodumu ni za namna mbili. Kuna dabolishoti, plastiki mbili za rangi tofauti zinamiminwa moja juu ya nyengine, herufi inakuwa ni kipande cha plastiki kilichoingia ndani, utaisugua mpaka uzeeke na herufi ipo. Na kuna ya kuchomea wino kwa joto, wino unageuka mvuke unazama ndani ya plastiki yenyewe. Hii ya pili inataka joto linalokaribia nyuzi 200, na ABS ikifika kwenye 105 hivi ishaanza kulegea, kwahivyo ukiipeleka huko inakunjamana. PBT inahimili, yenyewe haiyeyuki mpaka 220 na kitu. Ndo mana kepu za wino wa kuchomewa karibu zote utakuta ni PBT, na kwa kawaida herufi nyeusi juu ya plastiki nyeupe au kijivu, maana wino unatia giza tu, haung'arishi.

Sasa PBT yenyewe mkononi. Ni kavu, ina chenga ndogo ndogo kama ganda la yai, kidole kinajua kiko wapi hata bila kuangalia. Mikono ya jasho haiipi tabu sana. Ni ngumu kuliko ABS, kwahivyo inachelewa kung'aa, inachelewa tu jamani, asikudanganye mtu kwamba haing'ai kabisa, ukiipiga miaka A itang'aa tu. Mfano wake mkubwa ni kibodi ya IBM Model M ya mwaka 1985, kepu za PBT za wino wa kuchomewa, zipo mpaka leo na herufi zinasomeka. Na mwanga wa jua hauigeuzi rangi kwa kasi ile ya ABS. Zile kompyuta za zamani za rangi ya kijivu mpauko ambazo sasa zimekuwa manjano kama zimepakwa bizari, mwili wake ni ABS, na kepu nyeupe za ABS ukiziweka karibu na dirisha zinakwenda njia hiyo hiyo.

Jambo jengine PBT haiogopi asetoni. Hili niliona kwa macho. Mama mmoja alikaa kwenye mashine ya pembeni anasubiri cheti chake kitoke, akaona spesibaa, kile kitufe kirefu cha chini, ina doa la wino wa peni, akatoa kwenye mkoba wake ile dawa ya kuondoshea rangi ya kucha akatia kwenye pamba akaipangusa, kwa nia njema kabisa, anatusaidia usafi. Doa likaondoka, na uso wa plastiki ukaondoka nalo. Pakawa pananata kama gundi, pamba imeacha nyuzi zake mle mle, na pale kilipopita kidole chake pamebaki alama mpaka pakakauka hivyo hivyo. "Mwanangu hii imekuwaje tena?" Nikamwambia hapana neno bi mkubwa. Ile dawa ilikuwa na asetoni, na asetoni inayayusha ABS. Ingekuwa PBT angepangusa na lisingetokea lolote.

Mpaka hapo utasema basi na mie nimo kwenye kundi la PBT. Subiri.

Kuna maalim mmoja mtu mzima huja kuchapa mitihani ya skuli mwenyewe, hapendi kuchapiwa kwa sababu anaogopa mitihani isivuje. Kazoea ile kibodi ya zamani. Siku nilipomuwekea yenye kepu mpya za PBT akachapa kidogo akasimama akanitazama, "Kijana wangu, hii inakwaruza, nirudishie ile yangu." Nikarudisha. Anachapa na ABS iliyong'aa kama sahani na kafurahi. Na hakosei yule mzee, mana zile PBT zilikuwa za bei rahisi, nyembamba kama ukucha, chenga zake kali, kila ukipiga zinalia chak chak chak, ofisi nzima inakusikia.

Na hapo ndo penye shauri langu. Unene unashinda jina. Chukua ABS nene, ya milimita 1.5 hivi, ya dabolishoti, halafu chukua PBT ya milimita moja au chini ya hapo, mfumbe mtu macho umuulize ipi ya bei kubwa, atakuchagulia ABS. Kepu nene haitikisiki, inatua na mlio mzito, tok, na kidole kinahisi kimegonga kitu chenye uzito. GMK, watengenezaji kepu wa Ujerumani, wao seti zao zinazojulikana ni ABS na watu wanazinunua kwa zaidi ya dola mia moja, wajinga hao wote? ABS ina rangi kali zilizokolea na inamiminika vizuri bila kupinda, ndo mana walioipenda hawaiachi. Pia zile chenga watu wanazozisifia nyingi zinatoka kwenye kalibu ya kumiminia si kwenye plastiki, kiwanda kikitaka kinaweza kutia chenga kwenye ABS au kutoa PBT laini kabisa. Mtu anaandika "PBT" kwenye boksi kwa herufi kubwa kama vile kamaliza kazi.

Na wala usiliamini boksi. Jaribio ni rahisi, la jikoni. Glasi ya maji, tia vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, ikiwa unayo ile ya Pemba ya chenga kubwa koroga zaidi mana inachelewa kuyayuka. Chomoa kepu moja uitumbukize, na hapa uwe makini, ndani ya kepu mna shimo na hewa inajificha mle hasa kwenye ule mguu, basi ikiwa mdomo uko chini kila kitu kitaelea na utajidanganya. Igeuze ndani ya maji, igonge gonge kwa kijiko mpaka vipovu viishe. Ikielea ni ABS. Ikizama si ABS. Sababu ni kwamba ABS ni nzito kuliko maji kidogo tu, gramu 1.04 hivi kwa sentimita ya ujazo, wakati PBT ni kama 1.31, na maji ya chumvi nyingi yanakaa katikati yao. Msiende pwani Forodhani kuchota mkadhani yatatosha, maji ya bahari hayajafika hata 1.03, ABS itazama nayo mseme PBT. Kepu za dabolishoti zinaweza kukuchanganya mana plastiki ya ndani na ya nje si lazima ziwe aina moja, hizo jaribu zile zisizokuwa na herufi. Kuna seti nilijaribu iliyoandikwa PBT boksi zima, ikaelea kama ngalawa. Jina silitaji.

POM sasa. Hii huku kwetu ni nadra, lazima uagizishe na usubiri mzigo uje Dar halafu uvuke na boti. Lakini karibu kila mwenye kibodi ya mekanikali anayo POM ndani bila kujua, ule mguu unaopanda na kushuka ndani ya swichi za Cherry ni POM, na gia ndogo ndogo za mashine pia, kwa sababu inateleza yenyewe bila kutiwa mafuta. Ukiifanya kepu ndo hivyo hivyo, inateleza, kama ina nta juu, na ina kaubaridi. Kaubaridi hako si mawazo tu, POM inachukua joto la kidole haraka kuliko ABS. Mwezi wa Februari saa nane mchana, mie kepu ninazozitaka ni hizo. Utaambiwa inateleza mno, na kweli mwenye kucha ndefu au mwenye kupiga kwa ncha ya kidole ataona inamkimbia. Mie napiga kwa tumbo la kidole, hainisumbui. Ubaya wake wino haushiki, rangi haishiki, kila kitu kinaiteleza, kwahivyo nyingi herufi zake ni za leza, hazikolei, na dabolishoti za POM ni chache.

Polikaboneti sina mengi. Ni zile zinazopitisha mwanga, za watu wa mataa ya rangi rangi. Mkononi iko karibu na ABS, ngumu zaidi, mlio mkali. Mtoto wa dada yangu anazo na anazipenda, zinawaka usiku chumba kizima, haya.

Ukiniuliza uchukue ipi ntakuuliza mikono ya nani. Staishenari, kwenye mikono ya kila mtu, wengine wametoka kula urojo wakajipangusa suruali, nimeweka PBT nene ya wino wa kuchomewa na sijuti, isipokuwa ile ya maalim. Nyumbani nna ABS nene, inang'aa na nnaipenda inavyong'aa. POM naiweka kaskazi ikiingia.

Ila mkinunua PBT kagueni spesibaa kabla hamjatoka dukani. PBT ikipoa kutoka kwenye kalibu inasinyaa zaidi ya ABS, kepu ndogo haionekani lakini kipande kirefu kama spesibaa kinapinda kama ndizi, zamani hata viwanda vyengine vilikuwa vinatoa seti ya PBT na spesibaa ya ABS kukwepa hilo. Ilaze mdomo chini juu ya kioo cha simu yako uibonyeze ncha moja. Ikicheza, mrudishie muuzaji akupe nyengine, na akikwambia itanyooka yenyewe ukishaitumia, hainyooki.